Rafiki wa Siri: Namna ya Kuendesha Mchezo wa Zawadi Mwisho wa Mwaka, Ofisini na Kwenye Ukoo

Mwaka wa kwanza nilipopewa kazi ya kuandaa mchezo wa zawadi ofisini kwetu, tulikuwa watu 19. Vikaratasi 19 vyenye majina yetu vikatiwa kwenye kofia ya dereva, kila mtu akavuta kimoja chenye jina la wa kumnunulia zawadi kwa siri, tukacheka, tukasubiri sherehe ya tarehe 23 Desemba. Siku ilipofika, zawadi zilizokuwa mezani ni 17. Watu wawili wakakaa na sahani zao za pilau mapajani wakiangalia wenzao wanafungua maboksi, na mmoja wao ndiye aliyenunua zawadi nzuri kuliko zote. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Tangu siku hiyo nimeuendesha mchezo huu mara nyingi, ofisini Dar na kwenye ukoo wa mume wangu kule Moshi. Karibu kila kanuni niliyoiweka ilitokana na aibu ya mtu fulani: aliyekosa, aliyepewa kidogo, aliyetoa zaidi ya uwezo wake, aliyeulizwa na mumewe zawadi imetoka kwa nani. Kuchagua zawadi ni kazi ya kila mshiriki. Kazi ya mwandaaji ni kuhakikisha hakuna anayerudi nyumbani ameona haya.

Mtafute kijumbe

Aliyewahi kucheza mchezo wa pesa, yaani upatu, anajua kila kitu kinamtegemea kijumbe, yule anayekusanya na kugawa. Na huku ni hivyohivyo. Awe mtu mwenye namba za simu za wote, asiye na mdomo, na asiyeogopa kumpigia mtu simu saa 2 usiku kumuuliza, "Ndugu yangu, zawadi yako iko wapi?" Kama ofisini kwenu tayari yuko mama anayekusanya mchezo wa kila mwezi, usihangaike, mpe yeye.

Bosi asiwe kijumbe. Hakuna mhudumu atakayemwambia bosi wake kwamba mwezi huu mambo ni magumu. Atasema sawa, kisha atakwenda kukopa.

Ushiriki uwe wa hiari, na kujitoa kuwe rahisi. Mimi hutuma tangazo kwenye grupu la WhatsApp, ila majibu nayapokea inboksi, kwa sababu watu 15 wakishaandika "nipo" hadharani, wa 16 hawezi tena kusema hapana. Tangazo langu huwa hivi:

"Habari zenu wapendwa. Mchezo wa zawadi za kufunga mwaka umeanza. Ni hiari. Zawadi isipungue shilingi 15,000 na isizidi 25,000. Anayeshiriki anitumie jina lake inboksi, sio hapa, kabla ya Ijumaa saa 10 jioni. Kura ni tarehe 1 saa 7 mchana. Zawadi zinifikie kabla ya tarehe 17. Asiyeshiriki karibu kwenye pilau kama kawaida."

Utaona nimeandika "kufunga mwaka". Karibu nusu ya ofisi yetu ni Waislamu, na tulipokuwa tunauita mchezo wa Krismasi wengine walikuwa wanakaa pembeni kwa adabu. Jina likabadilika, wakaingia. Mkitaka kuufanya wakati wa Idi nako ni vizuri, ila kumbukeni mwezi hauandami kwa kalenda ya ofisi. Pangeni siku ya kazi ya kwanza baada ya sikukuu, msipange tarehe. Na watoto waacheni na mkono wao wa Idi, wala wasiingizwe kwenye kura.

Mlinzi wa getini, ambaye pengine ameajiriwa na kampuni nyingine, mwalikeni pia. Ndiye anayewafungulia kila asubuhi.

Pesa

Usipange kiwango kwa kuangalia mshahara wako. Mtafute mwenye mshahara mdogo kuliko wote, muwe wawili tu, umuulize: "Ukiambiwa utoe zawadi mwezi huu bila kukopa, utatoa ya shilingi ngapi?" Jibu lake ndilo kiwango cha ofisi nzima. Akisema 10,000, basi ni 10,000, hata kama meneja anaona ni pesa ya vocha. Desemba ina nauli za kwenda nyumbani, na nyuma yake inakuja Januari yenye ada, sare na madaftari. Wakenya hawakukosea kuiita Njaanuari.

Weka kima cha chini na kima cha juu, na cha juu ndicho ukisimamie kwa ukali. Anayetoa zawadi ndogo husamehewa haraka. Anayetoa kubwa mno ndiye anayeharibu: mkubwa mmoja aliwahi kumpa karani wetu blenda, na aliyekaa pembeni yake na vikombe viwili akabaki anatabasamu kwa meno tu. Kikomo ni kwa wote, wakubwa kwa wadogo. Kama ofisi yenu ni ya umma, soma kwanza kanuni za zawadi kwa watumishi kabla ya kutangaza chochote.

Jambo moja la mwisho kwenye pesa: kila mshiriki aongeze 2,000 kwa kijumbe. Hiyo ni akiba, na nitaeleza mbele inafanya nini.

Ratiba, kuanzia mwisho

Hesabu kurudi nyuma. Kwa Dar, ikishafika tarehe 20 Desemba tiketi za mabasi ya Kilimanjaro na Arusha ni za kugombania na nusu ya ofisi iko kwenye likizo, kwa hiyo sherehe iwe tarehe 18 au 19. Zawadi zote zimfikie kijumbe siku mbili kabla. Kura ipigwe siku za mwanzo za Desemba, mshahara wa Novemba ukiwa bado na joto lake. Hapo katikati kuna tarehe 9, Siku ya Uhuru, mapumziko ya kutosha kuzunguka madukani. Kenya watatumia tarehe 12, Jamhuri. Kura ikipigwa mapema zaidi ya hapo, watu wanasahau waliowavuta. Hayo nimeyaona.

Kura

Hapa usiwe na haraka, kwa sababu hapa ndipo siri inapovuja.

Vikaratasi kwenye kofia vina kasoro ambayo watu huidhania ni bahati mbaya. Mkiwa watano au zaidi na kila mtu akavuta mara moja, uwezekano wa angalau mtu mmoja kuvuta jina lake mwenyewe ni kama asilimia 63. Maana yake kura nyingi zitaharibika, mtu ataona aibu kusema "nimejivuta", atakunja kikaratasi na kunyamaza, na huenda akajinunulia soksi. Hata akisema, mkirudia kwa sehemu tu tayari wengine wameshajua nani hana nani.

Njia ninayotumia sasa inahitaji manila, mkasi, stepla na bahasha, na uzuri wake ni kwamba hata kijumbe hajui chochote, kwa hiyo naye anacheza. Tuseme mko 12.

Kata kadi 12 za ukubwa uleule. Kadi ya kwanza andika juu "Mimi ni 1" na chini "Nampa 1". Ya pili, "Mimi ni 2" na "Nampa 2". Endelea hivyo mpaka 12. Tumia kalamu ya kawaida, maka peni inapenya upande wa pili na siri imekwisha.

Zilaze kadi kifudifudi, maandishi yaangalie meza, uzichanganye bila kuzigeuza juu chini. Zipange mstari mmoja, bado kifudifudi, zote vichwa upande mmoja. Sasa kata kila kadi katikati, kipande cha juu kibaki mahali pake na cha chini kibaki mahali pake. Unayo mistari miwili ya vipande.

Mstari wa juu usiuguse. Kwenye mstari wa chini, chukua kipande cha kwanza kushoto, ukipeleke mwisho kulia, kisha vilivyobaki visogeze vyote hatua moja kushoto. Kila "Mimi ni" sasa imepata "Nampa" ya kadi nyingine. Bana kila jozi kwa stepla bila kuichungulia, itie kwenye bahasha, changanya bahasha, kila mtu achukue moja.

Kisha bandika ukutani karatasi yenye namba 1 mpaka 12. Kila mtu anaandika jina lake mbele ya namba yake ya "Mimi ni". Orodha ikijaa, unaangalia namba yako ya "Nampa" na jina lililo mbele yake ndilo lako. Ukivuta "Mimi ni 7, Nampa 3", unajiandika kwenye 7, unasoma jina la 3, unakwenda zako. Haiwezekani kujivuta, na mkiwa watatu au zaidi haiwezekani wawili wakapeana wao kwa wao, maana wote mko kwenye mnyororo mmoja unaozunguka.

Pale ambapo kuna masharti, mathalani mume na mke wasivutane, njia hii haifai. Mtafute mtu asiyecheza. Aandike majina kwa mduara, awatenganishe wanaotakiwa kutenganishwa, na kila mmoja ampe aliye kulia kwake. Halafu amtumie kila mtu ujumbe peke yake. Nasisitiza peke yake kwa sababu mwaka mmoja nilifanya kazi hiyo kwa ukoo nikiwa kwenye daladala, na ujumbe wa "Shemeji, wewe umempata wifi mkubwa" nikauangusha kwenye grupu lenye watu 34. Nilifuta baada ya sekunde chache. Wifi mkubwa alikuwa ameshaweka emoji ya kucheka. Tukarudia kura yote.

Marufuku "chochote"

Sisi tumelelewa kuona kuomba ni aibu. Ukimuuliza mtu anataka nini, atasema "chochote tu, mradi uzima". Majibu kama hayo ndiyo yanayozaa vikombe. Nina vikombe vya zawadi vya kutosha kufungua mgahawa.

Kwa hiyo siku ya kura kila mtu anajaza karatasi yenye maswali machache ya lazima: vitu vitatu ambavyo vingekufaa ndani ya kiwango, kitu kimoja usichotaka kupewa, saizi ya kiatu na ya nguo, chakula au harufu inayokudhuru, rangi unayopenda. Neno "chochote" halikubaliki, nairudisha karatasi. Karatasi zote zinabandikwa pamoja pale ukutani, hivyo hakuna anayejua unasoma ya nani. Mhasibu wetu, mtu mzima asiyecheka ovyo, aliandika "kichujio cha chai, changu kimetoboka". Alikipata, pamoja na kilo ya sukari na majani. Sijawahi kumwona ana furaha vile.

Kununua

Ushauri wangu ni kununua kitu kimoja kizuri badala ya vitatu dhaifu. Kwa 20,000 Kariakoo inakupa mengi ukizunguka asubuhi kabla ya jua kali: mwavuli imara, chupa ya chai, taa ya kuchaji, kikoi, shuka, begi la chakula cha mchana. Mkiwa watatu wenye kufanana mahitaji, nunueni pamoja kwa bei ya jumla, ila msitaje majina ya mnaowanunulia.

Kanga nizungumze peke yake. Doti ya kanga ni zawadi salama kwa wanawake wengi, lakini kanga ina jina, na jina linasomwa. Dada mmoja wa ofisini alinunua doti yenye maua ya machungwa mazuri kweli, akaipenda rangi, akafunga. Mpokeaji alikuwa mtu ambaye wiki mbili nyuma walikuwa wamejibizana kuhusu zamu ya likizo. Akaifungua mbele ya watu, akaikunjua, akasoma kwa sauti: "Hasidi hana sababu." Chumba kizima kimya. Mtoaji alikula kiapo kwamba hakusoma, na mimi namwamini, maana uso wake ulikuwa wa mtu aliyemwagiwa maji. Kwa hiyo mwambie muuzaji akukunjulie, usome mpaka herufi ya mwisho. Na hata jina zuri lipime: "Nani kama mama" ni maneno matamu, lakini usimpelekee mtu unayejua ana miaka anatafuta mtoto.

Vinavyokatazwa kwetu vimeandikwa: nguo za ndani, manukato kutoka kwa mwanamume kwenda kwa mke wa mtu au kinyume chake, pombe kwa asiyeandika kwamba anakunywa, mizani ya kupimia uzito, na pesa taslimu kwenye bahasha.

Kufunga kusikuumize kichwa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, Kenya tangu Agosti 2017, hivyo tumia karatasi ya kaki na kamba ya katani, au gazeti safi. Juu andika jina la mpokeaji tu, tena kwa herufi kubwa, maana mwandiko wako ofisini unajulikana.

Kukusanya: kaunta buku

Kosa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa hapa. Niliwaamini watu wangekuja na zawadi siku yenyewe. Sasa ninayo kaunta buku yenye majina ya wapokeaji wote. Zawadi ikiletwa, naweka alama mbele ya jina la anayepokea, bila kuandika nani kaleta, halafu naifungia kabatini. Siku mbili kabla ya sherehe naangalia nani hana alama. Sijui aliyemvuta, kwa hiyo natuma ujumbe mmoja kwenye grupu: "Zawadi 3 bado, mwisho kesho saa 6 mchana." Mara nyingi mbili zinaingia jioni hiyohiyo.

Ile ya tatu ndiyo kazi ya akiba. Zile 2,000 za kila mtu hununua zawadi mbili za ndani ya kiwango, ambazo ninazo tayari kabatini zimefungwa kama nyingine. Muda ukipita, naandika jina la aliyekosa juu ya moja. Yeye hatajua, na aliyeshindwa kuleta atanitafuta mwenyewe baadaye. Zikibaki, huwa ni za wahudumu wa jikoni waliopika.

Siku yenyewe

Kula kwanza. Watu wenye njaa hawana subira na hotuba wala zawadi.

Amueni mapema kama zawadi zinafunguliwa palepale au nyumbani. Wengi wetu tumefundishwa kwamba kufungua zawadi mbele ya aliyetoa ni uroho. Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, unaweka pembeni. Vijana wa ofisini wao wanataka kuona na kupiga picha. Kwetu ofisini tunafungua, kwa sababu kiwango ni kimoja na hakuna wa kudhalilika. Kwenye ukoo, mbele ya wakwe, hatufungui.

Anza na yeyote, na mpokeaji akisimama, abahatishe mara mbili aliyemvuta. Kisha mtoaji ajitaje. Siri iishie hapohapo, msiache hata moja ikiendelea. Wapo wanaosema utamu ni kutojua milele, nami nawauliza: mke wa mtu akifika nyumbani na boksi lenye utepe, akaulizwa "hii imetoka kwa nani?", akajibu "sijui", unadhani mazungumzo hayo yanaishaje? Picha ya pamoja ya mtoaji na mpokeaji, ikiwekwa kwenye grupu, imeokoa amani ya nyumba zaidi ya moja.

Kuna aina nyingine ya mchezo ambapo kila mtu analeta zawadi isiyo na jina, mnachagua kwa namba, na anayefuata anaweza kukunyang'anya yako. Inachekesha kwa marafiki wa rika moja. Kwa watu wenye wakwe na mabosi katikati yao, siipendekezi. Nani atamnyang'anya mama mkwe shuka?

Ukoo uliotawanyika

Kwa Wachagga Desemba ni kwenda nyumbani, kwa hiyo ukoo wa mume wangu tunakutanika mgombani na kazi inakuwa rahisi: kura mapema kwa simu, zawadi zinakuja kwenye mabegi. Wazee hatuwaingizi kwenye kura, wao wanapokea tu kutoka kwa wote. Watoto wana sanduku lao moja. Na bi harusi mpya, mwaka wake wa kwanza, yule anayechora mduara humtenga na baba mkwe, maana atakosa usingizi akiwaza amnunulie nini.

Walio mbali, mmoja yuko Muscat na mwingine Minnesota, hucheza kwa kutuma pesa. Hapo kuna mtego: ukituma kwa simu moja kwa moja, jina lako linatokea kwenye ujumbe wa mpokeaji na siri imekufa. Pesa ipitie kwa kijumbe, anunue yeye. Vifurushi vya mikoani tunavituma kwa basi, na jina la mtumaji linaloandikwa ni la kijumbe pia. Mkipenda kura ya mtandaoni, tovuti kama DrawNames na Elfster zinatenganisha wanandoa ukishaziambia nani asimvute nani, na kumtumia kila mtu jina alilovuta kwa barua pepe. Kwa shangazi asiye na barua pepe, tunarudi kwenye mduara.

Mambo yakienda kombo

Mtu akiacha kazi katikati, aliyemvuta anahamia kwa yule ambaye aliyeondoka alitakiwa kumpa. Kwa kuwa kijumbe hajui mnyororo, anamuuliza aliyeondoka, "Ulimpata nani?" na kulitia jina hilo kwenye bahasha. Kisha anaomba kwenye grupu aliyemvuta huyo ndugu aje aichukue mezani kwake wakati watu wako chakula. Kijumbe atajua siri moja, si mbaya.

Mtu akifiwa, asitafutwe kabisa kuhusu zawadi. Akiba itafunika upande wake. Ile ya kwake haiendi msibani, inakaa kwa kijumbe mpaka atakaporudi kazini na matanga yameisha. Mwaka juzi moja ilikaa kwenye droo yangu hadi katikati ya Januari. Aliyeitoa alikuwa mlinzi wetu wa getini, na kila asubuhi nikipita alikuwa ananiuliza kwa sauti ya chini, "Dada, amerudi?"